Gari Ilifundishwa Kusikia Kabla ya Kuruhusiwa Kuongea

Kuna shimo kwenye dashibodi ya gari ya mjomba wangu. Ni la mstatili, mkono unaingia, na pembeni kuna skrubu mbili ambazo hazishiki kitu. Juu ya paa kuna tundu lingine, upana wa sarafu, limezibwa na silikoni nyeusi. Hapo ndipo ile redio ambayo madereva wa watalii wanaita redio koli iliishi kwa zaidi ya miaka kumi.

Wale mmenifuata kitambo mnamjua huyu mjomba. Ni yule dereva wa watalii, yule aliyenilipia karo mpaka nikaacha uhandisi mwaka wa pili, na bado hajanisamehe vizuri. Kampuni yake ilipoamua kuleta magari mapya, alitoa akiba yake yote akanunua ile van aliyokuwa anaendesha kila siku. Walimuuzia viti, walimuuzia paa la kuinuka, hata kreti ya soda walimwachia. Redio wakang'oa. Siku ya kuchukua gari alikuta nyaya zimekatwa na kufungwa tepu. Alipouliza akaambiwa leseni ni ya kampuni, si ya gari, na hakika si yake. Enyewe kisheria walikuwa sawa. Nitarudi hapo.

Masika ya mwaka jana ile van ilizama kwenye lagga ndani ya Mara. Saa kumi jioni, wageni wanne ndani, mmoja ana pumu na ile dawa yake ya kuvuta imebaki kidogo. Simu zilikuwa tatu, laini tofauti, zote hazina netiweki. Kushuka utembee huwezi, hapo ni nyumbani kwa simba. Wakakaa hivyo mpaka saa tatu usiku, gari ya kambi jirani ilipopita kwa bahati tu. Yule mgeni alikuwa sawa. Lakini mjomba aliniambia kitu hakijanitoka kichwani: "Kijana, tulipozama tu, mkono wangu ulienda wenyewe kwa redio. Ukakuta shimo."

Basi nikasema nitamrudishia redio yake. Kazi ya Jumamosi moja, si ndio? Lakini mimi kabla nikate waya lazima nijue hicho kitu kilitoka wapi, na nikianza kusoma silali. Nilichokipata ni kwamba lile swali mjomba aliulizwa siku ya kuchukua gari, yaani wewe ni nani hadi uongee hewani, limekaa ndani ya redio ya gari tangu siku ya kwanza.

Walioanza ni polisi. Mwaka 1923 polisi wa Victoria kule Melbourne, Australia, walikuwa wametia mitambo ya telegrafu isiyo na waya kwenye gari za doria. Jamaa anakaa nyuma na visikizio masikioni, gari inaruka kwenye mashimo, na yeye anajaribu kuandika nukta na vistari vya Mosi. Kabla ya hapo, askari wa doria alikuwa anasimama kwenye kibanda cha simu kuuliza kama kuna kazi. Hebu fikiria mwizi anavyofurahia mpangilio huo.

Detroit, Marekani, walitaka sauti ya mtu, si nukta. Hao ndio walinifurahisha zaidi kwa sababu walihangaika miaka. Kituo chao kiliitwa KOP, na kilianza kurusha matangazo 1922. Shida ya kwanza haikuwa hata ya kiufundi. Serikali iliwapa leseni ya kituo cha burudani, kwa sababu hakukuwa na aina nyingine iliyowafaa. Kwa hiyo polisi wakalazimika kupiga muziki! Kati ya wimbo na wimbo ndiyo unatangaza namba ya gari iliyoibwa. Manze, nikisoma hiyo nilicheka, halafu nikakumbuka fomu zetu za hapa nikaacha kucheka.

Shida ya pili ndiyo ilikuwa ya fundi. Redio za wakati huo zilitumia valvu, yaani vichupa vya glasi kama balbu, na ndani yake waya mwembamba unaowaka. Sasa weka balbu kwenye gari ya 1925, barabara ya 1925. Mtetemo unaivunja, ama mapokezi yanahama kila gari inapokata kona. Injini nayo, kila plagi ikitoa cheche, inatupa kelele kwenye spika. Robert Batts, akishirikiana na Kenneth Cox, alikaa na hilo tatizo mpaka wakapata kipokezi kinachoweza kuvumilia barabara. Tarehe 7 Aprili 1928 huduma ikaanza rasmi na ikaendelea bila kufa. Miji mingine ikaiga.

Lakini angalia vizuri. Gari ya Detroit ilikuwa inasikia tu. Makao makuu yanaongea, askari wanatii. Wakifika pale na mwizi ametoroka, ama askari mwenzao amepigwa risasi, hakuna jinsi ya kusema. Lazima watafute simu kama zamani. Gari ilikuwa na sikio bila mdomo.

Mdomo ulikuja 1933, mji mdogo unaoitwa Bayonne, jimbo la New Jersey. Hapo ndipo gari za polisi ziliwekwa mtambo wa kurusha sauti pamoja na wa kupokea. Kati ya Detroit na Bayonne ni miaka 5, na si kwa sababu watu hawakufikiria. Kusikia ni rahisi, ni karibu bure. Kurusha sauti kunahitaji nguvu, na gari za wakati huo zilikuwa na betri ya volti 6. Mtambo unajaza buti nzima. Ndani yake kuna mota inayozungusha jenereta ili kupata volti kubwa za kulisha valvu, na ukibonyeza kitufe taa za gari zinafifia.

Hiyo mota ndiyo ilituachia zawadi ambayo watu wengi hawajui ilitoka wapi. Mmeona kwa filamu polisi wa Marekani wakisema "ten-four". Kwa nini kumi? Mwaka 1937 Charles Hopper wa polisi wa jimbo la Illinois alikuwa anatafuta namna ya kufupisha maneno hewani. Tatizo ni kwamba ukibonyeza kitufe, ile mota inachukua muda mfupi kushika kasi, na silabi yako ya kwanza inapotea. Kwa hiyo kila namba ikawekewa kumi mbele. Kumi ikimezwa, hakuna hasara, namba yenyewe inafika. Mimi nilidhani ni mbwembwe za Hollywood, kumbe ni dawa ya mtambo mzito kuamka. Na kwa vile tuko kwa filamu: yule mhusika anayesema "ova and out" anajichanganya. Ova ni "nimemaliza, nakungoja ujibu". Out ni "nimemaliza, kwaheri". Chagua moja, buda.

Kelele ya injini ilimalizwa, au tuseme ilinyamazishwa, mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walipoanza kutumia FM ya njia mbili badala ya AM. Aliyeibuni ni mwalimu wa chuo kikuu, Daniel Noble. Plagi zikipiga cheche zinatikisa ukubwa wa wimbi, na AM inasoma ukubwa, kwa hiyo inasikia cheche zote. FM inasoma mwendo wa wimbi, ukubwa haiujali sana. Noble baadaye alienda kwa kampuni ya Chicago iliyokuwa inatengeneza redio za muziki za magari tangu 1930 kwa jina la Motorola. Ile redio iliyong'olewa kwa van ya mjomba ilikuwa ya jina hilo hilo. Miaka zaidi ya 80 baadaye, ukoo mmoja.

Mpaka hapo hakuna raia wa kawaida kwenye hadithi hii. Juni 17, 1946, St. Louis, Missouri, kampuni ya Bell ilifungua simu ya gari. Ilikuwa karibu kilo 36 za mitambo, unabonyeza ili uongee, na opereta anakuunganisha kwa mkono. Hiyo ni ya tajiri. Mtu wa kawaida alipata nafasi yake 1958, Marekani ilipofungua masafa ya megahezi 27 na kuyagawa njia 23 kwa ajili ya wananchi, yaani CB. Kwa miaka 15 hivi wenye maduka, wakulima na wapenzi wa redio waliitumia polepole. Kisha ikaja 1973.

Waarabu wakafunga bomba, mafuta yakapanda, na serikali ya Marekani ikaweka mwendo wa mwisho barabarani kuwa maili 55 kwa saa, kama kilomita 88. Dereva wa lori analipwa kwa umbali, sasa anaambiwa atambae. Vituo vya petroli vingine vimekauka. Wakatia CB kwenye malori yao na kuanza kuambiana: petroli iko wapi, askari amejificha wapi. Si unaona kitu hapo? Chombo kilichozaliwa ili polisi wamkimbilie mtu, sasa kimeshikwa na mtu kumkwepa polisi. Matatu zetu zinawashiana taa kuambiana kuna askari mbele. Hiyo ni CB bila redio.

Halafu gari za kawaida zikafuata, kila mtu na jina lake la hewani, hata Betty Ford, mke wa rais, alikuwa na lake. Leseni ilihitajika, lakini watu hawakuijali. Njia zikaongezwa kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977, na mwaka 1983 serikali ikanyoosha mikono ikafuta leseni kabisa. Uingereza ilikataa CB kwa muda mrefu. Watu wakaitumia kwa wizi, wakaandamana, hadi Novemba 2, 1981 ikaruhusiwa. Watu waliongea kwanza, sheria ikaja nyuma ikihema.

Kwetu haikuenda hivyo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, Shirika la Posta na Simu la Kenya lilikuwa mwenye waya, mwenye hewa na mwamuzi, yote pamoja. Wazazi wenu watawaambia jinsi simu ya mezani ilivyongojewa miaka. Shirika hilo lilivunjwa 1999 chini ya sheria ya mawasiliano ya 1998, na kazi ya kugawa masafa ikapewa tume ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata simu za mkononi zikaanza kushika kasi, na raia wa Kenya akaruka hatua nzima. Hatukuwahi kupata CB yetu. Redio ya gari ilibaki ya polisi, ya mashirika na ya kampuni.

Mnazijua hizo gari. Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu imefungwa kwenye bamba ya mbele na kupindwa kama fimbo ya kuvulia samaki. Ukikulia upande wa Lodwar barabara ya Lokichoggio uliziona zikipita kwenda Sudan tangu 1989, wakati Umoja wa Mataifa ulianza ule mpango wake wa misaada. Hiyo ni HF. Mawimbi yake yanapanda, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, kwa hiyo dereva aliye porini anaongea na Nairobi bila mlingoti wowote katikati. Kwenye Safari Rally nako, timu kubwa za miaka ya 80 na 90 zilikuwa na helikopta mbele ya gari, mtu huko juu anamwambia dereva kwa redio: twiga kushoto, lori linakuja, punguza.

Lakini wenye redio zao kwa moyo walikuwa madereva wa watalii. Mjomba anasema asubuhi Mara ilikuwa kama soko. Kila van ina namba, yake ilikuwa Saba Mbili. Wageni wakishajua "simba" kutoka kwa katuni, madereva wakaacha kusema simba. Wakasema "sharubu". Chui akawa "wa juu" kwa sababu anakaa mtini. Ukisema jina lake wazi halafu ufike asubuhi akiwa ameondoka, mgeni atakununia siku nzima. Hawakuitumia kwa wanyama tu. Nani amepasua tairi, mto gani umejaa, mke wa nani amejifungua Narok. Nilimuuliza kama walilipwa kusaidiana. Akaniangalia kama nimetukana.

Wacha niwe mkweli, ile redio ilileta balaa pia. Sharubu mmoja akitajwa hewani, dakika 10 baadaye van 20 zimemzunguka na anashindwa hata kuwinda. Sheria ya hifadhi inataka magari 5 tu kwa mnyama mmoja, na mjomba anakiri kwamba wengi hawakuhesabu. Siku hizi hiyo fujo imehamia kwa makundi ya WhatsApp, pale penye netiweki. Pale pasipo na netiweki kuna kimya, na mwenye gari yake mwenyewe ndiye kimya kinamwangukia, kwa sababu wa kampuni bado ana redio.

Sasa kazi yenyewe. Nimeifanya nusu, na wale mlioniuliza nitawaeleza.

Redio ya gari ya VHF inarusha kama wati 25, ile ya mkononi ni kama 5. Kwa hiyo ikibonyezwa inanyonya umeme mwingi. Usichukue moto kwa tundu la kuwashia sigara, utapata kelele na waya moto. Nimevuta waya mbili nene moja kwa moja kutoka kwa betri, kila moja na fyuzi yake karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Kama waya utasuguka njiani na kugusa bodi, fyuzi iliyo mbali haitakusaidia, gari itawaka kabla. Pale waya unapopita kutoka kwa injini kuingia ndani kuna tundu, weka mpira usikatwe na bati. Hii van ni volti 12. Kama yako ni lori la volti 24 tafuta kibadilishi kwanza, la sivyo utaikaanga redio siku ya kwanza.

Antena ndiyo nusu ya redio. Kwa masafa ya megahezi 150 hivi, wimbi lina urefu wa mita 2, na antena nzuri ni robo yake, sentimita 50. Ya CB ya megahezi 27 robo yake inakaribia mita 2.75, ndiyo maana malori ya Marekani yalikuwa na vile vifimbo virefu. Ile robo nyingine inayokosekana inafanywa na bati la paa, kwa hiyo weka katikati ya paa, si pembeni, na kwarua rangi ili kitako kiguse chuma. Kwa van ya paa la kuinuka hakuna katikati. Fundi wa kampuni alikuwa ameiweka mbele, juu ya dereva, na nilipotoa ile silikoni niliona alikwarua vizuri. Nimetumia tundu lake. Ukimaliza, pima kwa mita ni mawimbi mangapi yanarudi kutoka kwa antena badala ya kwenda, na usibonyeze kitufe kamwe kama antena haijaungwa. Nguvu hiyo ikikosa pa kutokea inarudi kuua redio.

Hapo nimesimama. Redio yenyewe iko duka moja pale Luthuli, nimelipa nusu, na nimekataa kuichukua. Kwa sheria yetu kuwa na chombo cha kurusha na kukitumia bila leseni ni kosa, na sitaki mjomba ashikwe kwa ajili ya mawazo yangu. Niliangalia leseni ya redio ya wapenzi, ile ya mtihani na namba za 5Z4. Ningeipita. Lakini hiyo hairuhusiwi kwa biashara, na wageni wa mjomba ni biashara. Kununua kile kiredio cha bei rahisi na kuingia kwenye masafa ya wengine, kama wengi wanavyofanya? Hapana. Siku utakayomzibia mtu anayeita ambulensi hutajua hata kama ulimzibia.

Kinachoniuma ni kwamba mpangilio mzima umeandikwa kwa mwenye ofisi. Masafa yanaombwa na kampuni, kambi, shirika. Dereva mwenye van moja hajakatazwa kwa jina, lakini hajafikiriwa. Na madereva kama mjomba, walionunua magari yao baada ya miaka ya kuajiriwa, wanaongezeka.

Kwa hiyo wamejikusanya saba. Wote wana gari zao, wote walikuwa na namba hewani zamani. Wamejiandikisha kama kikundi, mimi ndiye katibu kwa sababu ndiye nina kompyuta, na mwezi uliopita tulipeleka ombi la masafa mamoja kwa jina la kikundi. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika namba za vituo. Mjomba alisema aandikiwe Saba Mbili. Nikamwambia mko saba tu, namba zinaanza moja. Akasema andika Saba Mbili.

Nimeandika Saba Mbili. Majibu bado.